Injini na Lugha Yake (2): Kabla Hujanunua Mashine ya Kupimia

Wiki iliyopita tuliona jinsi kontroli boksi inavyopokea habari kutoka kwenye sensa na kuwasha taa ya cheki injini. Leo najibu swali la fundi kijana wa Nachingwea. Mjomba wake ana boti ya uvuvi Lindi, na injini yake huzimika ikiwa baharini. Kijana anataka mashine moja ya kupimia itakayofaa boti hiyo pamoja na magari yanayoingia gereji kwake.

Nilimuuliza kwanza injini ya boti ni ipi. Akasema ni Yamaha Enduro, ile ya kuchanganya petroli na oili. Basi kwa injini hiyo asitoe hata shilingi. Inatumia kabureta, wala haina kompyuta ya kutunza kumbukumbu za hitilafu. Ndugu wa karibu wa injini hiyo yuko mashambani kwetu: injini ya bomba la kupulizia salfa kwenye mikorosho. Fundi wa Ruangwa anayefufua mabomba ya salfa msimu wa kupulizia tayari anajua nusu ya kazi ya boti. Plagi ikitoka nyeusi na kulowa, oili imezidi au moto ni hafifu. Ikitoka nyeupe kama chokaa, petroli inafika kidogo na injini inachemka. Boti inayozimika baada ya mwendo, fungua kifuniko cha tangi hapohapo. Ikiwaka na kuendelea vizuri, tundu la hewa la kifuniko lilikuwa limeziba. Vinginevyo, kagua maji kwenye chujio la mafuta, mpira wa kukamulia petroli uliopasuka, kisha chumvi kwenye viungio vya waya. Ukaguzi huu wote unataka spana ya plagi na macho.

Boti yenye injini ya kisasa, isiyo na kabureta, ni habari nyingine. Hiyo ina kompyuta, lakini soketi ya gari usiitafute humo. Kanuni ya Marekani iliyolazimisha magari mepesi yote mapya kuwa na mfumo mmoja wa kusomea hitilafu kuanzia 1996 ilihusu magari ya barabarani, boti hazikuguswa. Kwa hiyo Yamaha ana waya na programu yake, Suzuki yake, Mercury yake. Anayekuuzia kifaa kimoja akisema kinasoma boti zote, mwombe akichomeke mbele yako.

Turudi gereji. Magari madogo mengi yana soketi ya pini 16 chini ya usukani, lakini soketi kufanana si lugha kufanana. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, hasa la zamani, linaweza kuzungumza lugha ya kiwanda chake tu, na kile kifaa kidogo cha blututhi cha bei rahisi kikabaki kimya. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika; humo tafuta hewa kwenye mabomba ya mafuta, usitafute kodi, yaani namba za hitilafu. Nayo malori ya kusomba korosho yana umeme wa volti 24, na mengi hutumia itifaki iitwayo J1939. Kifaa cha volti 12 kinaweza kuungulia humo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana: ahesabu magari aliyotengeneza miezi mitatu iliyopita, aina na mwaka, kisha anunue kinachosoma mengi kati ya hayo. Nakataa kabisa kifaa cha kusoma na kufuta kodi tu. Achukue kinachoonyesha takwimu injini ikiunguruma: joto la maji, hewa inayoingia, volti za sensa. Kodi P0171 husema mchanganyiko una petroli kidogo. Haisemi kama ni bomba la hewa lililopasuka, pampu iliyochoka au sensa chafu. Mafundi wengi hubadilisha sensa nzima kwa kodi hiyo, mteja analipa, na taa inarudi kabla hajafika Masasi. Hilo linaniuma, maana hela ile ni ya korosho zake za mwaka mzima.

Siku ya kununua, aende na gari lenye sensa ya hewa. Azime, achomoe waya wa sensa hiyo, awashe. Kifaa kizuri kwa kawaida kitatoa P0100 au P0102. Azime tena, arudishe waya, afute kodi, awashe, asubiri dakika kumi. Kama kodi ilikuja na imefutika, ndipo alipe.