Biti moja ikipotea, kompyuta hupotoka

KUBADILISHA biti moja kutoka 0 hadi 1 hudhaniwa kuwa kazi sahali. Hata hivyo, katika kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, kazi hiyo ina hatua tatu: kusoma baiti kutoka kwenye kumbukumbu, kuibadilisha, kisha kuiandika upya.

Hatari huzuka pale prosesa mbili zinaposhughulikia baiti moja. Ya kwanza huisoma ili iwashe biti moja. Kabla haijaandika, ya pili nayo huisoma ili iwashe biti nyingine. Inayoandika mwisho hufuta kazi ya mwenzake. Iwapo biti iliyofutika ndiyo iliyoashiria kuwa kuna data ambayo haijahifadhiwa kwenye diski, data hiyo yaweza kupotea.

Dawa ni kuzifanya hatua hizo tatu kuwa kitendo kimoja kisichogawanyika. Prosesa za x86 zina kiambishi LOCK, kinachozizuia nyingine kuingilia kati hadi kazi ikamilike. Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, set_bit ina kinga hiyo. __set_bit haina, ni nyepesi zaidi, lakini hufaa tu pasipo na mshindani.

Makosa ya jamii hii hujitokeza kwa nadra, hivyo majaribio huweza kuyakosa. Mnamo Agosti 14, 2003, michakato miwili ya programu iligongania data moja na kunyamazisha kengele za tahadhari katika kampuni ya umeme jimboni Ohio, Marekani. Waendeshaji hawakuona hatari ikinyemelea. Watu wapatao milioni 50, Marekani na Kanada, waliachwa gizani.