Kufua Glavu Nyeupe za Baridi

Hapana shaka baadhi yenu mtauliza: Je, sisi watu wa Bariadi, tusioona theluji, tuna haja gani na glavu za baridi? Swali ni la haki. Lakini nendeni mnadani siku yanapofunguliwa marobota ya mitumba, nanyi mtaziona humo, nyeupe, zilizofumwa kwa ajili ya nchi za baridi kali. Huku kwetu zawafaa waendesha pikipiki alfajiri za Juni na Julai, upepo unapouma vidole. Ziko na nyingine nyembamba, za maharusi na za wapiga tarumbeta siku ya gwaride. Hizo za arusi mara nyingi ni za kukodi, na mtu akiziharibu yampasa kuzilipa. Kwa mwenye fedha kidogo, jambo hili si dogo.

Kosa liharibulo glavu nyingi ni kufua nguo nyeupe zote kwa namna moja. Sisi tu wakulima wa pamba. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio uongozao Tanzania kwa zao hilo. Hata mbegu iitwayo UK91, iliyopandwa kwetu miaka mingi, yachukua katika jina lake herufi za Ukiriguru, kituo cha utafiti kilicho karibu na Mwanza. Kwa hiyo mikono yetu imezoea kitambaa cha pamba, nacho ni kivumilivu mno: kichemshe, kisugue, kianike juani, hakinung'uniki. Lakini glavu ya baridi yaweza kuwa ya sufu, na sufu si mmea, bali ni nywele za kondoo.

Unywele wa sufu, ukitazamwa kwa hadubini, una magamba madogo yaliyopangwa kama vigae juu ya paa, yote yakielekea nchani. Ukiutia katika maji ya moto yenye sabuni na kuusugua, magamba hayo huinuka, na nywele husogea kwa upande mmoja tu, kisha hushikana zisiweze kurudi nyuma. Ndiyo maana glavu iliyoingia beseni ikiwa ya mtu mzima hutoka ikiwa ya mtoto, nayo ni ngumu kama kipande cha blanketi kuukuu. Kuivuta hakufai kitu.

Basi kabla ya kufua, ijue glavu yako. Chomoa uzi mfupi katika mshono wa ndani, ushike kwa koleo juu ya sahani, uwashe kwa kiberiti. Watoto wasifanye haya peke yao. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iunguayo, na kuacha majivu mepesi. Wa sufu hujikunja, hunuka kama nywele zilizoungua, na masizi yake husagika kwa vidole yakiisha kupoa. Ule uliotengenezwa viwandani huyeyuka na kuwa tone gumu. Huo wa tatu usiuchemshe wala kuupiga pasi ya moto.

Ikiwa glavu imeingia tope jeusi la mbugani, usiitie majini mara moja. Tope hilo ni ufinyanzi laini. Likiwa bichi hupenya kati ya nyuzi. Liache likauke, kisha lipukute kwa brashi. Hapo tena tia maji. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa kuwa maji ya kisima chenye chumvi hushikana na sabuni yakafanya utando wa kijivu juu ya nguo, na watu hudhani ni uchafu uliobaki.

Glavu ya sufu uifue kama ufuavyo nywele zako mwenyewe: maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya nywele, kuibonyeza pasipo kuisugua. Maji ya kuisuuzia yawe na uvuguvugu uleule. Usiinyonge; ikunje ndani ya taulo na kuikandamiza, kisha uilaze kivulini juu ya kitambaa safi, ukiinyosha vidole kimoja kimoja. Jua kali, ambalo huifanya pamba kuwa nyeupe zaidi, huifanya sufu kuwa ya manjano.

Juu ya dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, nasema kwa mkazo. Pamba huivumilia ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi. Sufu huliwa nayo, na ikizidi ukali huyeyuka kabisa. Nailoni nayo hugeuka manjano. Wala usiichanganye kamwe na siki, wala na dawa ya kusafishia choo, maana hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu.

Wakati wa kuweka, hakikisheni glavu ni kavu kabisa na haina jasho. Viwavi vya nondo hupenda sufu, hasa iliyo na jasho, lakini pamba safi huiacha. Ifungeni vizuri ndani ya mfuko usio na tundu, na kila baada ya majuma machache ifungueni, mkaitazame hasa katikati ya vidole.