Dengu Zilizowapeleka Wateja Hospitalini

Mwishoni mwa Aprili 2022, kampuni ya Marekani iitwayo Daily Harvest ilianza kusambaza chakula kipya cha dengu na liki. Mteja aliagiza mtandaoni, mfuko ukaletwa mlangoni ukiwa umegandishwa, kazi yake ikabaki kukipika na kula. Hakikuwa na nyama, na wengi walikinunua kwa ajili ya afya zao.

Haikuchukua muda, watu wakaanza kukimbilia hospitali wakiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, mwasho na mkojo mweusi. Vipimo vilionyesha ini limeathirika. Wapo walioishia kufanyiwa upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Tarehe 17 Juni kampuni iliwataka wateja wakitupe chakula hicho, lakini takriban pakiti 28,000 zilikuwa zimeshasambazwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilihesabu wagonjwa 393. Kati yao 133 walilazwa.

Wataalamu walitafuta bakteria, sumu ya kuvu, metali nzito na viuatilifu. Hawakupata jibu huko.

Mwezi Julai kampuni ilitaja kiungo kimoja kuwa chanzo: unga wa tara, unaosagwa kutoka kwenye mbegu za mti unaoota Peru, ambao huongezwa ili chakula kiwe na protini zaidi. Mei 2024, FDA ilitamka kwamba matumizi ya unga huo katika chakula hayajathibitishwa kuwa salama, kwa hiyo hauruhusiwi kuongezwa bila kibali.

Hapo ndipo hofu ya wanaonunua chakula mtandaoni inapopata uzito. Chakula kile hakikuwa kimechacha, na hata mpishi mzoefu asingegundua lolote kwa kukinusa. Tara iliandikwa waziwazi kwenye orodha ya viungo, ila mnunuzi wa kawaida angejuaje kwamba ina hatari? Kuchunguza kiungo kigeni kabla hakijaingia sokoni ni wajibu wa muuzaji na wa serikali. Si haki kumtwisha mlaji mzigo huo.

Kwa chakula kinacholetwa mlangoni, hatari iliyozoeleka zaidi ni ya joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na cha moto kizidi nyuzi 60. Kuku wa kuokwa aliyezungushwa mjini mchana kutwa juu ya pikipiki amevuka mipaka hiyo, hata kama picha yake mtandaoni inavutia.

Kwa hiyo anayeagiza ana haki ya kuuliza chakula kimepikwa wapi, saa ngapi, na kina viungo gani. Kilichogandishwa kikifika kimeyeyuka na kupata joto, asikipokee. Mfuko wenye tarehe na namba ya toleo autunze hadi chakula kiishe, maana kampuni inapotangaza kurudisha bidhaa, namba hiyo ndiyo itakayomwonyesha kama pakiti yake imo.