Ramu ya Kasi na Wepesi wa Kompyuta

Ramu ni kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka data inayoshughulikiwa na prosesa. Umeme ukizimwa, yote hufutika. Kasi yake husomwa kwenye jina. DDR4-3200 huhamisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mara hupita baiti 8, njia moja hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. DDR5-4800, ya kizazi ambacho vigezo vyake vilitolewa mwaka 2020, hupitisha 38.4. Ongezeko hilo ni nusu nzima, ila anayetarajia kompyuta yake iwe nyepesi kwa kiasi hichohicho atakatishwa tamaa.

Prosesa haiendei ramu kila inapohitaji kitu. Ndani yake ina akiba ndogo iitwayo kashe, na data nyingi huikuta humo. Hata inapolazimika kwenda, kuna muda wa kusubiri tangu ramu ipokee amri ya kusoma hadi data ianze kutoka. Muda huo huhesabiwa kwa mizunguko, nayo huandikwa kwa herufi CL. DDR4-3200 ya CL16 husubirisha nanosekunde 10. DDR5-4800 ya CL40 husubirisha takriban 16.7. Barabara imepanuliwa, lakini lango linachelewa kufunguka. Wauzaji wengi husisitiza upana wa barabara.

Anayeandika barua, kujaza majedwali au kutazama filamu hataona tofauti yoyote. Atakayeiona waziwazi ni mcheza gemu ambaye kompyuta yake haina kadi ya picha ya pekee, maana picha zake huchorwa kwa kutumia ramu ileile ya prosesa. Kazi za kubana mafaili makubwa nazo hufaidika. Penye kadi ya picha yenye nguvu, faida ya gemu huwa ndogo, na mara nyingi hupotea kabisa.

Kwa wengi, fedha ya kununulia ramu ya kasi ingefaa kwanza kuongeza ukubwa wa ramu. Gigabaiti 8 zikijaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, na hata diski nzuri ya SSD huchelewa mamia ya mara kuliko ramu. Huko ndiko kompyuta inakogandia. Vipande viwili vinavyofanana, vikichomekwa katika njia mbili, huongeza upana maradufu, kwa hiyo 3200 mbili huishinda 4800 moja.

Ramu ya kasi pia inaweza kununuliwa na isitumike. Ikichanganywa na ya taratibu, zote huenda kwa mwendo wa ile ya taratibu. Nyingine hubaki kwenye kasi ya chini mpaka mpangilio wa kasi uitwao XMP au EXPO uwashwe katika BIOS, yaani programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta. DDR5 haiingii kwenye bodi ya DDR4, kwani pengo lake limekatwa mahali tofauti, na katika laptopu nyingi nyembamba ramu imelehemiwa kwenye bodi, haibadilishwi.