Gari Likikataa Kuwaka, Usikimbilie Kulaumu Betri

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Stata ya gari nayo, mara nyingi, hukuonya siku kadhaa kabla ya kufa. Taabu ni kwamba wengi wetu hatuyasikii maonyo hayo, au tukiyasikia tunailaumu betri. Basi pesa zilizowekewa karo ya watoto zinanunua betri mpya, na kesho yake gari linakataa kuwaka vilevile!

Stata ni mota ya umeme iliyofungwa kando ya injini. Unapozungusha ufunguo, swichi yake iitwayo solenoidi husukuma gia ndogo ishikane na meno ya gurudumu la injini, kisha mota huizungusha injini mpaka iwake. Si kazi nyepesi. Kabla ya kampuni ya Cadillac ya Marekani kuleta magari yenye stata ya umeme mwaka wa 1912, madereva walizungusha hendeli kwa mkono, na baadhi yao walivunjika mikono injini iliporudi nyuma kwa kishindo.

Je, utajuaje kama mgonjwa ni betri au stata? Washa taa kubwa za mbele, umwombe mwenzako azitazame huku wewe ukizungusha ufunguo. Taa zikififia sana nawe usikie ta-ta-ta-ta ya haraka haraka, shuku betri kwanza. Huenda imeisha nguvu, au vichwa vyake vimelegea au kushika kutu. Visafishe na kuvikaza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Lakini taa zikibaki ng'avu, nawe usikie "tak!" moja tu au kimya kitupu, basi mara nyingi kasoro iko kwenye stata, solenoidi au nyaya zake. Kama gari lako ni otomatiki, hakikisha kwanza kwamba gia iko kwenye P au N, la sivyo halitaitikia.

Ziko dalili nyingine. Injini ikizunguka kwa uvivu hata baada ya kuunganishwa na betri nzima ya jirani, stata imechoka au nyaya zake ni mbovu. Ukisikia mota ikivuma peke yake bila injini kuzunguka, gia ndogo haishiki. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma waonyesha meno yameanza kulika. Moshi au harufu ya kuungua ni amri ya kuacha mara moja. Na gari linalowaka asubuhi, kisha likakataa saa sita injini ikiwa moto, nalo linakupa onyo.

Fundi akiigonga stata kwa nyundo na gari likawaka, usidhani imepona. Huenda ndani yake vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, ambavyo mafundi huviita brashi, vimelika. Kugongwa kumevishtua kwa muda tu. Tumia nafasi hiyo kwenda gereji, si kusafiri usiku na watoto. Brashi zaweza kubadilishwa bila kununua stata nzima, kwa hivyo uliza kwanza.

Mwambie pia fundi aipime betri mbele yako. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kutulia, huonyesha takriban volti 12.6. Akikubadilishia kipuri, mwombe akuonyeshe kile kikuukuu.

Mwisho, tahadhari. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde kumi. Iache stata ipoe kabla ya kujaribu tena. Usikubali mtu aunganishe vichwa vya stata kwa bisbisi gari likiwa kwenye gia, kwa maana laweza kuruka mbele na kumponda aliyesimama hapo. Gari la gia za mkono laweza kusukumwa likawaka, lakini la otomatiki kwa kawaida haliwaki kwa kusukumwa, hata mtaa mzima ukija kusaidia.

Msomaji, kesho asubuhi ukiwasha gari, zima redio na usikilize. Usipoziba ufa utajenga ukuta.