Kuku Wakifa Ghafla, Tusikisie: Wapimwe

Kila mfugaji wa kuku wa kienyeji anaufahamu mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku hujikunyata, huharisha kinyesi cha kijani, hupinda shingo, na baada ya siku chache banda hubaki tupu. Ndiyo maana vifo vinapotokea, wengi wetu husema papo hapo kwamba ni mdondo. Hata hivyo, homa ya mafua makali ya ndege huja na dalili zinazofanana mno na hizo, nayo huweza kumwambukiza binadamu. Januari 2017 ugonjwa huo ulithibitishwa nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria.

Macho hayawezi kuyatofautisha magonjwa haya mawili. Kipimo cha PCR huweza. Afisa mifugo hupitisha kijiti chenye pamba kooni na katika tundu la haja la kuku, kisha hukihifadhi katika kisanduku chenye barafu ili kipelekwe kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Huko, mashine hunakili vinasaba vya kirusi. Kila mzunguko huongeza nakala karibu maradufu, hata baada ya mizunguko 30 nakala moja huweza kuzidi bilioni moja. Jibu hupatikana saa chache tangu upimaji kuanza, ilhali kuotesha kirusi katika mayai huchukua siku kadhaa.

Hata hivyo, mashine haiwezi kuiponya sampuli iliyoozea juani. Uharaka wa kipimo huanzia bandani. Kwa hiyo wananchi tunaombwa:

1. Kutoa taarifa kwa afisa mifugo wa kata siku ileile vifo vinapoanza.

2. Kutochinja, kutouza wala kutogawa kuku wa banda lililoathirika.

3. Kutoshika mizoga kwa mikono mitupu, na kuizika au kuichoma kama tutakavyoelekezwa.

4. Kumweleza afisa tarehe ya chanjo ya mwisho. Chanjo ya mdondo ya matone ya macho ni kirusi hai kisichodhuru kuku, na kipimo huweza kukinasa.

Mdondo hauna tiba. Kinga yake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kipimo nacho hakimfufui kuku aliyekufa. Huwaokoa waliosalia, banda la jirani, na huenda hata watoto wanaolisha kuku hao kila asubuhi.