Wapwa Waliotawala: Ndoa za Wakilindi wa Usambaa

Sisi tukaao Umatengo na kando ya Ziwa Nyasa twazijua sana habari za Wangoni, ambao katika karne ya 19 walitoka kusini wakatwaa nchi kwa mkuki. Kwa hiyo twadhani upesi kwamba kila ukoo mgeni unaotawala uliingia kwa vita. Lakini Wakilindi wa Usambaa, katika milima iliyo nyuma ya Tanga, walipata ufalme kwa njia nyingine, nayo ni ndoa.

Masimulizi yao yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Yasema kwamba Mbegha, baba wa ukoo huo, alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama, akaamua magomvi. Hata alipofika Vuga aliua simba, na watu wakampa mke. Mwanawe Bughe ndiye aliyetawala baada yake.

Tuangalie maana ya kupewa mke. Kwa desturi ya Wasambaa mtoto ni wa ukoo wa baba. Basi mwana wa Mbegha alikuwa Mkilindi kamili. Bali kwa ndugu za mama yake alikuwa mpwa, na mpwa si mgeni nyumbani kwa wajomba wake. Mfalme alioa katika koo nyingi, kisha akawaweka wanawe kuwa wakuu katika nchi za mama zao. Wenyeji walimtii mkuu aliyekuwa damu yao wenyewe, na mkuu naye alikuwa na wajomba wa kumsaidia na kumwonya. Mwanamke huyo basi hakuwa zawadi iliyotolewa ikasahauliwa, bali alikuwa daraja kati ya watawala na watawaliwa.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Ingeborg, binti wa mfalme Håkon wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1301, aliozwa mwaka 1312 kwa Erik, mtawala mdogo wa ukoo wa kifalme wa Sweden. Mwana wao Magnus alikuwa na umri wa miaka mitatu tu mwaka 1319, alipourithi ufalme wa Norway kwa babu yake mzaa mama, na mwaka uo huo wakuu wa Sweden wakamchagua kuwa mfalme wao pia. Hivyo falme mbili zilikutana katika mtoto mmoja, kwa ajili ya mama yake.

Wala tusidhani kwamba wanawake hao walinyamaza tu. Mboza, binti wa Bughe, alikuwa na nguvu nyingi katika kumweka ndugu yake Kinyashi katika kiti cha Vuga. Baadaye wakagombana, naye Mboza akaondoka akaenda Mshihwi. Huko mwanawe Shatu akawa mkuu, na Mshihwi haikuitii Vuga tena. Ndoa na uzazi vilivyounganisha nchi viliweza pia kuigawa.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi katika habari za Kimweri ya Nyumbai. Mmisionari Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 alimkuta mfalme mwenye nguvu, na wanawe wakishika nchi mbalimbali. Ilikuwa desturi kwamba mfalme mpya awaondoe ndugu zake katika utawala na kuwaweka wanawe. Lakini Kimweri aliishi miaka mingi, na alipofariki mwaka 1862 kiti kilimwangukia mjukuu wake, Shekulwavu. Je, kijana awezaje kuwaondoa baba zake wadogo, ambao kila mmoja amekwisha kuota mizizi katika nchi yake? Semboja, mmoja wao, alikaa Mazinde kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, akapigana naye. Basi ufalme uliojengwa kwa ndoa nyingi ukapasuka katika viungo vile vile vilivyokuwa vimeushika.

Twarudi sasa kwa Wangoni wetu. Wao nao, ijapokuwa waliingia kwa mkuki, walioa wanawake wa nchi hizi, wengi wao mateka. Je, Wangoni wa Songea wasema lugha gani? Lugha ile waliyotoka nayo kusini imekwisha, na Kingoni cha leo kimekaribiana sana na lugha za wenyeji walioshindwa. Baba walitwaa nchi, lakini mama ndio waliowafundisha watoto kusema.

Kwa hiyo twawasihi walimu wanaokusanya nasaba za wazee wasiridhike na orodha ya baba na babu. Ni lazima kuuliza: mama yake alikuwa nani, na alitoka ukoo gani? Wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka. Na jina la mama lisipoandikwa, mara nyingi sababu ya vita, ya mapatano, hata ya lugha yenyewe, hupotea pamoja nalo.